Hofu na Kumbukumbu ya Shahidi

Katika Kiswahili mtu huingiwa na hofu, hushikwa na woga, hupigwa na butwaa. Waliotuachia misemo hii waliiona hofu kuwa ni kitu kinachomjia mtu kutoka nje na kumtawala. Katika vitenzi hivi mwenye hofu si mtenda bali ni mtendwa. Twaanza na jambo hili dogo la sarufi kwa makusudi. Mtu huyo huyo aliyepigwa na butwaa, akiisha kuitwa mahakamani, hugeuzwa mara moja kuwa mtenda: huulizwa aliona nini, alisikia nini, alimtambua nani, kana kwamba saa ile macho na masikio yake yalikuwa yakimtii.

Makala haya yafuata historia ya swali moja lililowashughulisha mabingwa wa saikolojia na wa sheria kwa zaidi ya karne moja. Je, hofu huinoa kumbukumbu ya shahidi, au huififiza? Wengi wetu tukiulizwa ghafula tungejibu kwamba jambo la kutisha halisahauliki kamwe. William James, bingwa wa Marekani, alikuwa na maoni ya namna hiyo mwaka 1890, alipoeleza kwamba tukio laweza kuusisimua moyo hata likaacha kitu mfano wa kovu ubongoni. Mashahidi nao husema vivyo hivyo: uso ule sitausahau mpaka kufa kwangu. Hatuna sababu ya kutilia shaka unyofu wao. Lakini unyofu wa msemaji ni jambo moja, na usahihi wa uso anaoukumbuka ni jambo jingine.

Mwaka 1901, katika chuo kikuu cha Berlin, Profesa Franz von Liszt alikuwa akiongoza semina ya sheria ya jinai. Kitabu fulani kilikuwa kikijadiliwa. Mwanafunzi mmoja akasimama, akasema kwamba angependa kulitazama jambo lile kwa upande wa maadili ya Kikristo. Mwingine akamkatiza kwa ukali, akisema hawezi kuyavumilia maneno hayo. Wa kwanza akalia kwamba ametukanwa. Wa pili akakunja ngumi. Wa kwanza akatoa bastola. Ikawa vurumai. Profesa akajitia kati, akamshika mkono mwenye bastola, na papo hapo mlio ukasikika.

Kumbe yote yalikuwa mchezo uliopangwa na kufanyiwa mazoezi. Profesa alipowatuliza wanafunzi wake, aliwaomba waeleze walichokiona. Baadhi waliandika siku ile ile, wengine baada ya muda, na wengine wakahojiwa kama wahojiwavyo mashahidi. Tukio lilikuwa limegawanywa katika sehemu ndogo 14, ili makosa yahesabike. Aliyekosea kidogo kuliko wote alikosa kwa asilimia 26. Aliyekosea mno alifikia asilimia 80. Watu waliokuwa wamekaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho walitiwa maneno vinywani. Vitendo ambavyo havikutendwa na mtu vilielezwa kinaganaga, na vitendo vikubwa vilivyotendwa mbele ya macho ya wote vikasahauliwa kabisa. Na jambo linalotuhusu zaidi ni hili: katika nusu ya pili ya tukio, yaani pale ngumi na bastola zilipotokea, makosa yalizidi yale ya nusu ya kwanza kwa asilimia 15. Tukumbuke kwamba hawa walikuwa wanafunzi wa sheria, vijana ambao baadaye wangeketi katika viti vya uhakimu kupima maneno ya mashahidi wengine.

Hesabu hizo zilienezwa katika ulimwengu wa Kiingereza na Hugo Münsterberg, Mjerumani aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Harvard, katika kitabu chake juu ya saikolojia na ushahidi kilichotoka mwaka 1908. Münsterberg hakuwacheka wengine tu, alijitoa hata yeye mwenyewe kuwa mfano. Nyumba yake ilivunjwa na wezi alipokuwa pwani na jamaa yake wakati wa kiangazi. Mahakamani, chini ya kiapo, alieleza kwamba wezi waliingia kwa dirisha la chini ya nyumba, na kwamba saa aliyoikuta imefungashwa ilikuwa imeviringwa karatasi. Ikathibitika kwamba walivunja mlango wa chini, na kwamba saa ilikuwa imefungwa katika kitambaa cha meza. Hakuwa na sababu yo yote ya kusema uongo, wala wezi hawakumtisha. Alifika baada ya wao kwenda zao. Kama mtu mtulivu hukosea hivyo, atakuwaje aliyeelekezewa bastola?

Wanasheria hawakufurahi. Mwaka 1909 John Henry Wigmore, bingwa mkubwa wa sheria ya ushahidi nchini Marekani, aliandika kisa cha kubuni ambamo mawakili wanamshtaki Münsterberg kwa kuwavunjia heshima. Katika kesi hiyo ya dhihaka aliulizwa swali ambalo hakuwa na jibu lake: uko wapi utafiti ulio tayari kutumiwa na mahakama? Sisi twaona Wigmore alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Mchezo mmoja wa Berlin hautoshi kupindua desturi za mahakama. Hata hivyo dhihaka ile ilichoma mno, na kwa miongo kadhaa pande hizo mbili zilikaa kama majirani wasioamkiana.

Katika mwaka ule ule wa 1908, Robert Yerkes na John Dodson walikuwa wakiwafundisha panya wadogo kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi, na kuwashtua kwa umeme walipokosea. Kazi ilipokuwa rahisi, umeme ulivyozidi ndivyo panya walivyojifunza upesi. Kazi ilipokuwa ngumu, umeme wa wastani ulifaa kuliko ule mkali. Baadaye kanuni hiyo ilihamishiwa kwa wanadamu: hofu kidogo humwamsha shahidi, hofu nyingi humharibu. Ni kanuni nzuri kusikia, lakini twadhani iliazimwa kwa haraka. Panya yule alikuwa akijifunza njia. Hakuwa akiukumbuka uso wa mtu aliyemwona mara moja tu.

Uchunguzi wenyewe ulirudi kwa nguvu katika miaka ya 1970. Mwaka 1976 Johnson na Scott waliwaweka watu katika chumba cha kungojea, kila mmoja akidhani kwamba jaribio bado halijaanza. Baadhi yao walisikia mazungumzo ya kawaida katika chumba cha pili, kisha akatoka mtu mwenye kalamu mkononi. Wengine walisikia ugomvi na vitu vikivunjika, kisha akatoka mtu mwenye kisu cha kufungulia barua chenye damu. Baadaye walionyeshwa picha 50. Katika waliomwona mtu wa kalamu, asilimia 49 walimtambua. Katika waliomwona mtu wa kisu, asilimia 33. Mwaka 1987 Elizabeth Loftus na wenzake walifuatisha hata mwendo wa macho ya watazamaji, wakaona kwamba mnunuzi anapomwelekezea keshia bastola badala ya kumpa hundi, macho huirudia bastola mara nyingi na kukawia juu yake. Uso hubakiwa na masazo.

Hapo ilionekana kama swali limepata jibu, mpaka mwaka 1998 Kerri Pickel alipoleta kuku. Katika filamu yake mwanamume anaingia katika duka la kutengenezea nywele. Mara ameshika mkasi, mara bastola, mara pochi, na mara kuku mbichi mzima. Mkasi ni kitu cha kutisha, lakini katika duka la nywele haumshangazi mtu. Kuku hamtishi mtu, lakini alifanya nini mahali pale? Watazamaji walimkumbuka vibaya yule mtu aliyeshika kitu cha ajabu, si aliyeshika kitu cha hatari. Hivyo sehemu ya lile tuliloliita hofu ilikuwa ni mshangao. Tunalipenda jaribio hili kwa sababu linatufundisha kutenganisha maneno yetu wenyewe: hofu, mshangao, wasiwasi, taharuki. Mara ngapi tumewaruhusu wanafunzi wayatumie kana kwamba ni neno moja!

Lakini hakuna aliyeogopa kweli mbele ya filamu, naye mtafiti mwenye utu hawezi kumtia mtu hofu ya kifo kwa ajili ya elimu. Ilibidi kuwatafuta watu walio katika hofu kwa sababu nyingine. Mwaka 2004 Charles Morgan na wenzake walitoa habari za askari zaidi ya 500 wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya kuvumilia utekwaji. Askari hao, baada ya kunyimwa chakula na usingizi, walihojiwa mara mbili, kila mara kwa muda wa dakika 40 hivi: mara moja kwa ukali wa kushikwa na kusukumwa, na mara moja bila ya hayo. Siku iliyofuata walitakiwa kuwatambua waliowahoji. Watu walipopangwa mbele yao kama katika gwaride la utambulisho, yule mpole alitambuliwa na asilimia 62 hivi. Yule mkali na asilimia 30 tu. Na hawa hawakumwona mtu akipita mbio gizani. Walikaa naye uso kwa uso katika chumba chenye mwanga.

Miaka mitano baadaye, Tim Valentine na Jan Mesout walikwenda London katika nyumba ya maonyesho ya kutisha iitwayo London Dungeon, ambako watu hulipa ili waogopeshwe. Wageni 56 walipita katika njia za giza, na mtu aliyejigeuza kuwa kizuu akawatokea ghafula. Walipotoka walijibu maswali juu ya wasiwasi wao, kisha wakaonyeshwa picha. Waliokuwa na wasiwasi mdogo, asilimia 75 walimtambua; waliokuwa na wasiwasi mkubwa, asilimia 17.

Kuna upande wa pili, nao si dhaifu. Huko Burnaby, karibu na Vancouver nchini Kanada, mwizi aliiba katika duka la bunduki, akamfunga mwenye duka. Mwenye duka alijifungua, akatoka nje na bastola. Mwizi akampiga risasi mbili, naye akamwua mwizi. Yote yalitendeka mchana barabarani, na watu 21 walihojiwa na polisi. Miezi minne au mitano baadaye, John Yuille na Judith Cutshall waliwahoji tena 13 miongoni mwao, wakalinganisha maneno yao na ushahidi uliokuwako. Katika taarifa yao ya mwaka 1986 walieleza kwamba kumbukumbu za watu hao zilikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, na waliosema kwamba walishtuka mno hawakuwa wabaya kuliko wengine, walikuwa bora. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba hofu ya kweli hainakiliki katika chumba cha majaribio. Hata hivyo waliotazama kwa makini waliona dosari: walioshtuka zaidi ndio waliokuwa karibu zaidi. Ni nani ajuaye kama waliona vema kwa sababu ya hofu, au kwa sababu ya ukaribu uliowaletea hofu hiyo?

Sisi twaona kwamba pande hizi mbili hazipingani kama zinavyodhaniwa. Watu wa Burnaby waliulizwa habari za tendo: nani alimpiga nani, wapi, mara ngapi. Askari na wageni wa London walitakiwa kuutambua uso. Hofu huelekea kuwa kama taa ya kurunzi: hulimulika jambo lililo katikati na kuyaacha ya kandoni gizani, na mara nyingi uso wa mgeni huwa miongoni mwa yaliyo kandoni, kwa maana katikati pamekaliwa na mdomo wa bunduki. Ndiyo maana shahidi mmoja aweza kuwa mkweli kabisa juu ya jeraha na kukosea kabisa juu ya aliyelitia.

Mahakama zetu za Afrika ya Mashariki hazikuwa gizani katika jambo hili. Mwaka 1953 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitamka kwamba utambuzi wa shahidi mmoja wapaswa kupimwa kwa uangalifu mkubwa kabisa, hasa inapojulikana kwamba hali ya kutambua ilikuwa ngumu. Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaeleza kwamba ushahidi wa kutambua kwa macho ni wa namna iliyo dhaifu kuliko zote, ikawataka mahakimu waulize mambo yaliyo wazi: shahidi alimtazama mtu kwa muda gani, kwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na je, alimjua tangu zamani? Tunayastahi maswali hayo. Hata hivyo tutazame yanapima nini: muda, umbali, mwanga, mazoea. Moyo wa shahidi haumo katika orodha. Na kwa nini uwemo? Umbali hupimwa kwa hatua na mwanga hujulikana kwa kuuliza kama taa ilikuwa ikiwaka. Moyo uliokwenda mbio saa nane za usiku haurudishwi mahakamani ukapimwa.

Kuna jambo jingine linaloingia katika nafasi iliyoachwa wazi na hofu, nalo latuhusu sisi walimu wa lugha moja kwa moja. Ni neno la mwulizaji. Mwaka 1974 Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu ya magari yaliyogongana, wakawauliza yalikuwa yakienda kwa mwendo gani. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kupondana walitaja kwa wastani maili 40.8 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi chenye maana ya kugusana, maili 31.8. Mwaka 1975 Loftus na Guido Zanni walionyesha kwamba hata herufi ya kubainisha nomino katika Kiingereza ina nguvu: walioulizwa kama waliiona ile taa iliyovunjika walikubali upesi zaidi kuliko walioulizwa kama waliona taa iliyovunjika, ijapokuwa hapakuwa na taa iliyovunjika kabisa.

Asidhani mtu kwamba sisi tumeepukana na mtego huo kwa kuwa Kiswahili hakina herufi hiyo. Linganisheni: "Uliona kisu?" na "Ulikiona kisu?" Kiambishi -ki- cha yambwa chatosha kumwambia shahidi kwamba kisu kilikuwako, na kwamba lililobaki ni yeye kukiri kama alikiona. Kwa vitu, mwulizaji mwadilifu aweza kukiacha kiambishi hicho. Kwa watu hawezi, maana sarufi yetu yataka "ulimwona mtu". Hapo hana budi kutafuta njia nyingine, kama vile "ulimwona mtu ye yote?" Tunapofundisha kiambishi cha yambwa huwa twasema tu kwamba kinasisitiza. Laiti tungesema pia kwamba kinadai.

Mambo haya mawili, hofu na tafsiri, yalikutana Arusha. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa Novemba 1994, na kesi yake ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa wilaya ya Taba, ilihukumiwa tarehe 2 Septemba 1998. Watu huikumbuka hukumu hiyo kwa kuwa ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kesi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba majaji Laïty Kama, Lennart Aspegren na Navanethem Pillay waliweka humo sehemu nzima juu ya namna ya kuusikiliza ushahidi.

Walieleza kwamba wengi wa mashahidi waliwaona jamaa na rafiki zao wakitendewa unyama, au walitendewa wao wenyewe, na kwamba kuyarudia mambo hayo kwaweza kumzuia mtu asiweze kueleza mfululizo wa matukio kama mahakama itakavyo. Hawakusema kwamba kwa hiyo mashahidi wasiaminiwe, wala kwamba waaminiwe katika kila neno. Walisema hali hiyo itiwe katika mizani. Palipokuwa na tofauti kati ya maneno ya mahakamani na maelezo yaliyoandikwa zamani na wapelelezi, majaji walikumbuka kwamba maelezo hayo yalichukuliwa miaka kadhaa baada ya matukio, bila kiapo, kwa njia ya mkalimani, na kwamba baadhi ya mashahidi hawakujua kusoma kilichoandikwa kwa jina lao.

Kisha wakaigeukia lugha. Maneno ya Kinyarwanda yalifasiriwa kwanza kwa Kifaransa, na kutoka Kifaransa kwa Kiingereza. Mtaalamu wa isimu, Mathias Ruzindana, aliitwa kueleza matumizi ya maneno. Alieleza kwamba katika jamii inayopokezana habari kwa mdomo, mtu aweza kulisimulia jambo kama alijualo bila kutenga alichokiona na alichoambiwa. Majaji walipima, wakaona kwamba mashahidi, walipoulizwa wazi, walitofautisha vizuri. Waliyaangalia pia maneno yaliyotumika kwa ubakaji, kama vile *kuryamana* na *gufata ku ngufu*, ambayo wakalimani waliyatia yote katika neno moja. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba la pili lina "nguvu" ndani yake, na la kwanza halina. Majaji waliutazama muktadha, wakaridhika kwamba wote walikusudia kutendwa kwa nguvu. Kwa nini basi mwathirika alichague neno lile jepesi? Pengine ndilo pekee lililopita kinywani.

Uamuzi mwingine ulitoka The Hague Oktoba 2001, katika kesi ya Yugoslavia ya zamani. Ndugu wawili walikuwa wametiwa hatiani hasa kwa neno la binti aliyekuwa na umri wa miaka 13 wakati kijiji chake cha Ahmići kiliposhambuliwa Aprili 1993. Binti alisema bila kusita, na majaji wa kwanza walivutwa na uthabiti wake. Majaji wa rufani waliifuta hukumu. Hawakumwita mwongo. Walisema kwamba aliyetambua katika hali ngumu kiasi kile aweza kuwa na yakini kamili na bado akakosea, na kwamba yakini yake si kipimo. Ni rahisi kwetu kuusifu uamuzi huo tukiwa mbali. Kwa binti yule, aliyesimama akakisema alichokijua, sijui kama yuko awezaye kuufafanua bila kumwumiza.

Mahakama ya Arusha ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kumbukumbu zake zimebaki papo hapo Arusha: kurasa za mwenendo wa kesi katika Kiingereza na Kifaransa, na rekodi za sauti za vikao, ambazo sehemu yake iko wazi kwa umma. Katika rekodi hizo Kinyarwanda cha mashahidi kingali kikisikika. Mwenye kuifahamu lugha hiyo aweza kusikia pale shahidi aliponyamaza kabla ya kujibu. Katika kurasa za tafsiri kimya hicho hakimo.